Mrejesho: Safari ya gari na hema tukiwa na mtoto wa miaka miwili

Niliuliza kama ni busara kumpeleka binti yetu nchi ya ugenini, tuzunguke kwa gari na kulala hemani. Tumerudi salama, asanteni sana.

Ushauri wa kusimama kila baada ya saa mbili ulitufaa mno. Masafa marefu tuliyaacha kwa muda wake wa usingizi wa mchana. Kiti cha gari tulibeba chake alichokizoea.

Baridi ndiyo ilinitisha. Usiku wa kwanza nilimwongezea nguo, bado akatetemeka. Kumbe ubaridi ulitoka ardhini! Tulipomtandikia mkeka mnene wa sponji, alilala hadi alfajiri. Sasa kila jioni anaulizia hema lake.