Dayati ya kunywa tu bila kutafuna: inapunguza mwili au inamaliza mtu?

Mama Nkuhungu
Habari za jioni wakuu. Naomba tulijadili hili kwa uwazi maana limeshaingia mpaka ndani kwangu. Wifi yangu ana sendofu mwezi ujao, gauni limeshonwa na halifungi mgongoni, sasa kuna dada kamuunganisha kwenye kikundi cha wasapu cha watu wanaokunywa tu, asubuhi maji ya ndimu, mchana juisi ya tikiti na tango, jioni supu iliyochujwa, hakuna kutafuna kitu. Kilo zimeshuka sikatai, ila binti anatetemeka mikono, jana katoka kuanua nguo akakaa chini ghafla. Mama mkwe wake anasema mwacheni anapendeza. Mimi nasema huu ni wehu. Nyie mnaonaje, hii dayati ya vimiminika ina maana yoyote au watu wanajiua kwa ajili ya picha?

Kocha Area C
Dada yangu hofu ya nini? Kutetemeka ni sumu inatoka, wiki ya kwanza wote wanapitia hapo, ikipita anakuwa mwepesi na ngozi inang'aa. Nimesimamia wadada wengi sana hapa mjini hakuna aliyekufa. Tumbo nalo linahitaji kupumzika, miaka yote linasaga ugali tu. Mwambie asikatishe, wanaokatisha ndio wanaoharibu. Akitaka poda ya kuchanganya na juisi aje inboksi.

Nesi Kikuyu
Kocha sumu gani hiyo, itaje jina. Ini na figo zinasafisha mwili usiku na mchana hazisubiri tikiti. Mtu anayetetemeka na kuishiwa nguvu akisimama ni sukari imeshuka, au presha imeshuka, au chumvi za mwili zimevurugika, na hiyo ya mwisho ndiyo ya kuogopa kuliko zote maana moyo unahitaji potasiamu ya kutosha ili udunde sawasawa. Mama Nkuhungu kesho asubuhi mpeleke huyo binti akapimwe, na leo usiku ale.

Na hizo kilo mnazoshangilia wiki ya kwanza, nyingi ni maji. Mwili una akiba ya sukari kwenye ini na kwenye misuli na kila gramu moja ya akiba hiyo inashika maji gramu kama 3, ukiacha kula akiba inakwisha na maji yake yanatoka kwenye mkojo. Akirudi kula yanarudi. Halafu juisi ya tikiti na tango kutwa nzima haina protini ya maana, kwa hiyo kinachofuata ni mwili kuanza kula misuli yake wenyewe. Na wanaopungua kwa kasi sana wengine wanaishia na mawe kwenye kifuko cha nyongo, muulize aliyewahi kuumwa nayo akusimulie hayo maumivu.

Mtumishi Mtumba
Nesi nakuheshimu sana ila hapa unachanganya vitu viwili. Kuna juisi za mtaani na kuna vyakula vya kunywa vilivyopimwa, vina protini vina vitamini kila kitu. Uingereza madaktari wenyewe wanawapa wagonjwa wa kisukari supu na sheki tupu kwa miezi kama mitatu, kalori 800 na kitu kwa siku, na karibu nusu yao sukari ilikaa sawa bila dawa, utafiti ulitoka kwenye jarida la Lancet 2017, sio maneno ya wasapu. Kwa hiyo dayati ya kunywa sio ujinga, ujinga ni namna watu wanavyoifanya. Mimi mwenyewe nilitumia pakiti za namna hiyo nikapungua vizuri tu. Na kusema ukweli kwa sisi tuliohamia huku Dodoma na serikali inasaidia, maana ukitoka ofisini saa kumi na mbili utakula nini? Ni nyama choma au ule mlenda. Sasa mtu umetokea Dar umezoea samaki na mboga za nazi, bora unywe sheki yako ulale.

Mgogo wa Mvumi
Umeandika mengi nimesoma vizuri mpaka nilipofika "ule mlenda". Ule mlenda ulikukosea nini? Bibi yangu kala mlenda na ugali wa uwele tangu anazaliwa, analima mpaka leo na hajawahi kujua kitambi ni nini. Nyie mmekuja hapa na vitambi vyenu kutoka huko kwenye nazi, mnakaa kwenye kiti kutwa, mnapandishwa kosta mnashushwa mlangoni, jioni kilo nzima ya mbuzi na bia nne, halafu mnasema Dodoma hakuna chakula? Mlituletea vyumba vya Ilazo kupanda bei, leo mnatuletea na dharau ya mboga.

Mtumishi Mtumba
Mkuu sijadharau kabila la mtu, nimesema sijauzoea. Na habari ya kodi za Ilazo imeingiaje? Wenye nyumba ni nyie nyie.

Mgogo wa Mvumi
Wenye nyumba ni nani? Mimi nimepanga Chang'ombe kama wewe ulivyopanga. Usidhani kila Mgogo ana shamba la kuuzia viwanja.

Fundi Majengo
Mnabishana kodi wakati kuna mtu anaanguka. Mama Nkuhungu, mimi nashona sokoni Majengo hapa na kila msimu wa sherehe naletewa mabinti wa namna hii. Gauni lisilofunga mgongoni dawa yake sio njaa. Zipu inatolewa, vinawekwa vitanzi pande mbili inapitishwa kamba, linafungwa kwa kukaza, na ndani kinawekwa kipande cha kitambaa kilekile mwili usionekane. Hata mtu akiongezeka kilo tano linavaliwa. Fundi wake akikataa kulifungua mlete hapa.

Dada Kondoa
Asante fundi, wewe ndiye mwanaume pekee humu uliyesoma swali. Mimi naomba niulize kitu kingine, mbona bwana harusi hajaambiwa anywe juisi? Nimeona sendofu nyingi, bibi harusi amekonda macho yameingia ndani, bwana harusi shati linataka kupasuka kifungo na watu wanasema "amejaza, ana hela". Huyo mama mkwe anayesema mwacheni anapendeza, mwanaye wa kiume ana kilo ngapi?

Kocha Area C
Sasa mmegeuza mada ya afya kuwa vita ya jinsia. Nirudi kwenye hoja. Waislamu wanafunga mwezi mzima, Wakristo wana kwaresma, mbona hatufi? Mwili una uwezo wa kukaa bila chakula. Wazee wetu wakati wa njaa walikunywa uji tu na wakaishi. Oprah yule mtangazaji wa Marekani alikunywa tu akapungua kilo 30, dunia nzima iliona.

Dada Kondoa
Kocha mimi ni Mwislamu, usituingize kwenye biashara yako. Sisi magharibi tunafuturu, uji wa pilipili manga, tambi, viazi, maharage ya nazi, na alfajiri kuna daku. Wapo wanaomaliza Ramadhani wameongezeka. Na mgonjwa, msafiri, mjamzito na anayenyonyesha wana ruhusa ya kutofunga wakalipa baadaye. Sasa kwenye kikundi chako mjamzito mnamuuliza? Anayenyonyesha mnamuuliza?

Mwalimu UDOM
Na huyo Oprah malizia habari yake. Ilikuwa 1988, aliingia kwenye kipindi chake anavuta kitoroli kimejaa mafuta ya mnyama, kilo 30 kama ulivyosema, kuonyesha alichopunguza. Halafu? Amesema mwenyewe mara nyingi kwamba alivyorudi kula tu zikaanza kurudi. Yule ana hela ya mpishi wake na daktari wake na zilirudi. Wa Nkuhungu atazizuia na nini?

Lingine ambalo watu wamelisahau, Marekani hiyohiyo miaka ya 1977 na 78 kulikuwa na kinywaji cha protini cha kupunguza mwili, kimetengenezwa kwa ngozi na mabaki ya machinjioni, watu wakawa wanaishi kwa hicho tu. Walikufa karibu 60, wengine mioyo ilisimama tu ghafla. Na wenyewe walikuwa wanaambiwa ni protini, ni salama. Kwa hiyo neno protini kwenye pakiti halinitoshi.

Mgogo wa Mvumi
Mwalimu umeongea. Ila huyu kocha asiguse njaa za wazee wetu. Hapa Ugogoni njaa tunaijua kwa majina, kila moja ina jina lake na wazee wanakumbuka aliyekufa nani. Walikunywa uji kwa sababu hakukuwa na kingine. Hakuna aliyekunywa ule uji akasema anapendeza. Na uji wenyewe wa uwele una nafaka nzima ndani yake, usiufananishe na maji ya tango.

Mtumishi Mtumba
Hapo nipo na wewe Mvumi. Lakini jamani mbona kila mtu anakwepa nilichosema? Nimesema kuna utafiti, nimesema karibu nusu. Mnajibu mlenda.

Nesi Kikuyu
Nakujibu mimi, maana umesema kweli ila umeisema nusu. Utafiti huo naujua, unaitwa DiRECT, wa Newcastle na Glasgow. Walichukua wagonjwa wa kisukari aina ya pili ambao ugonjwa ulikuwa haujafikisha miaka 6. Kalori kama 825 mpaka 853 kwa siku, wiki 12 hadi 20. Mwaka wa kwanza asilimia 46 sukari ilikuwa sawa bila dawa, mwaka wa pili ikashuka ikawa 36. Ni matokeo mazuri sana na mimi siyapingi, kwa mgonjwa wa sukari mnene anayesimamiwa ni njia halali kabisa. Lakini angalia walichofanya. Dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza na muuguzi akawa anafuatilia. Baada ya zile wiki hawakuachiwa waende, walirudishwa kwenye chakula kidogokidogo, wiki 2 mpaka 8, halafu wakaendelea kuonwa kila mwezi. Kunywa ilikuwa ni kipande tu cha kazi yote, kazi yenyewe ilikuwa ni kujifunza kula tena. Sasa nionyeshe kikundi cha wasapu kinachofanya hivyo. Hata wewe Mtumishi, pakiti zilivyoisha nani alikurudisha kwenye chakula?

Mtumishi Mtumba
Nilijirudisha mwenyewe, na zimerudi chache sio zote. Mimi ni mtu mzima najua ninachokula.

Mgogo wa Mvumi
Unajua unachokula ila mlenda huujui. Njoo Mvumi jumapili, mama atakupikia wa karanga, ugali wa uwele, hautaona njaa mpaka kesho yake na hautahitaji pakiti. Ule uwele na zile mboga za majani ndio nyuzinyuzi zenyewe ambazo kwenye juisi mnazichuja mnamwaga.

Mtumishi Mtumba
Nitakuja. Ila magadi wapunguze, nina presha.

Binti Chamwino
Samahani natoka nje kidogo. Mama yangu ana sukari anatumia metformini na glibenklamidi, na juzi jirani kamletea hii dayati ya juisi kamwambia itamponya, na mimi nilivyosoma hiyo ya Uingereza hapa nikaona kumbe kweli. Aanze?

Nesi Kikuyu
Binti asianze!! Ndiyo maana naogopa habari nusunusu. Glibenklamidi inashusha sukari hata kama tumboni hakuna kitu, akiinywa halafu asile anaweza kuzimia usingizini msijue. Na hiyo juisi yenyewe ya matunda haijachanganywa na chochote lakini sukari yake ni nyingi, glasi ya juisi haipishani sana na soda, kwa hiyo asubuhi itampandisha, usiku dawa inamwangusha. Aendelee kula milo yake na dawa zake kama alivyopangiwa, halafu siku ya kliniki mpeleke, mwambieni daktari anataka kupunguza mwili, dawa zibadilishwe kwanza. Zile sheki za utafiti zilipimwa gramu kwa gramu, na waliozinywa dawa waliachishwa na daktari, sio na jirani.

Binti Chamwino
Nimeelewa, ubarikiwe. Jirani alimuuzia na poda ya 80,000, haina hata lebo, imefungwa kwenye nailoni.

Dada Kondoa
Poda ya nailoni inboksi. Kocha upo?

Kocha Area C
Nipo, na sio mimi peke yangu ninayeuza poda Dodoma. Mnanishambulia wakati kuna watu nimewasaidia, kuna mama alikuwa hawezi kupanda ngazi leo anakimbia na mimi kila asubuhi. Huyo hamtaki kumsikia. Nyie mnakaa na makaratasi yenu ya Uingereza, mimi nakaa na watu.

Mwalimu UDOM
Huyo mama anakimbia kila asubuhi. Huoni kwamba huenda ni mbio zinazomsaidia?

Nesi Kikuyu
Kocha sijakataa kwamba unawapenda watu wako, na hiyo ya kukimbia endelea nayo, ningefurahi wadada wengi wapate mtu wa kukimbia naye. Ila nauliza tena, mara ya kwanza nilikuuliza sumu gani hukujibu. Sasa nauliza ya poda. Ndani yake kuna nini, imetoka wapi, imepita kwa wakaguzi wa dawa na bidhaa, TMDA au TBS, au haikupita? Nauliza kwa sababu baadhi ya poda za kupunguza mwili zinakutwa na dawa za kuharisha na za kukojoza, kilo zinashuka kweli na potasiamu inashuka nazo. Usiniite inboksi, andika hapahapa binti wa Chamwino aone.