Kaniuliza swali moja hewani, jogoo ndiye aliyejibu. Huyu mchambuzi wenu kanivunjia heshima!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikipishana mnivumilie.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mchambuzi wa soka wa kipindi cha asubuhi redioni, anayecheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Hajawahi kupiga danadana tatu mfululizo lakini anamfundisha Samatta namna ya kukaa kwenye boksi. Huyo huyo.

Leo saa 2 asubuhi alikuwa anaisimanga Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, kama kawaida yake. Eti timu ya kikokotoo, eti kule Morocco kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, tumeingia 16 bora kwa pointi 2 kama mtu aliyejipenyeza harusini bila kadi. Nikasema leo apatikane wa kumjibu. Nikaweka vocha, nikapiga. Mara 41 inatumika, ya 42 ikaingia.

Na nilianza vizuri jamani! Nikamwambia, ndugu yangu, hii timu ilikaa miaka 39 bila kunusa fainali, kutoka Lagos 1980 mpaka Misri 2019. Sasa katika fainali nne za mwisho tumekwenda tatu. Nigeria katufunga 2-1 kwa jasho la damu, Uganda 1-1, Tunisia 1-1, Fei Toto kawanyamazisha. Morocco, wenyeji, na utajiri wao wote, wametutoa kwa bao moja la Brahim Díaz. Moja! Hata mtangazaji mwenzake nikamsikia anaguna, "huyu ana hoja."

Ndipo yule bwana akashusha sauti, ile ya mtu anayekuja kudai deni lake, akasema: "Kaka, nitajie mechi moja tu ambayo Stars imeshinda kwenye AFCON. Moja. Nakusubiri."

Nakusubiri!

Wakuu, kile kimya sijawahi kukisikia hata msibani. Nikapita 1980 mbio mbio: Nigeria 3-1, Misri 2-1, Ivory Coast 1-1. Nikaruka 2019: Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Nikaenda fainali za Ivory Coast: Morocco 3-0, Zambia 1-1, DR Kongo 0-0. Nikiwa bado napekua kama mtu aliyepoteza funguo gizani, jogoo wa mama mwenye nyumba akawika.

Hewani. Nchi nzima inasikia. Akawika, akanyamaza, akawika tena, kama naye anasubiri jibu.

"Tunamshukuru jogoo kwa mchango wake," akasema yule bwana. Akakata simu. Akaweka taarabu.

Sasa nauliza, huo ndio uchambuzi? Mtu anapiga simu kwa nia njema, unamuuliza swali ambalo unajua halina jibu? Mechi 13, sare 5, vipigo 8, nani asiyejua? Mimi najua! Ndiyo maana nilinyamaza! Angeniuliza tumefunga mara ngapi ningemtajia mpaka dakika. Halafu lile neno "nakusubiri". Angeniambia "jibu" nisingeumia hivi. Nakusubiri ni dharau.

Nimetoka kwenda kibaruani, kondakta wa daladala kanikodolea macho, akawika. Sijui kajuaje.

Mpiga Ramli wa Mbagala:
Subiri kwanza. WEWE NDIYE WA JOGOO???

Fundi Redio:
Mkuu hiyo sauti nimeshaifanya mlio wa simu. Bosi kapiga sasa hivi ofisi nzima imeanguka.

Shangazi wa Tandika:
Mwanangu pole, lakini kwa nini ulipiga simu ukiwa bandani kwa kuku?

Mleta uzi:
Shangazi sikuwa bandani, nilikuwa uani kwa sababu ndani mtandao haushiki. Na msipoteze mada. Nimeshakumbuka jibu nikiwa njiani: CHAN 2009, ile michuano ya wachezaji wa ligi za ndani, kule kule Ivory Coast, tuliwafunga wenyeji 1-0, bao la Ngassa. Si ushindi huo?

Mpiga Ramli wa Mbagala:
Kaulizwa AFCON, kajibu CHAN. Mtihani wa Hesabu, jibu la Kiswahili.

Mleta uzi:
Na CHAN ya juzi hapa kwetu tuliongoza kundi. Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0, Madagascar 2-1!

Fundi Redio:
Halafu robo fainali ikawaje? Nakusubiri.

Mleta uzi:
Usirudie hilo neno hapa.

Fundi Redio:
Morocco katufunga 1-0, uwanjani kwa Mkapa. Jogoo angejua.

Binamu wa Nairobi:
Majirani, nimepita tu kusalimia. Sisi tuko na mechi ya kutaja. Mnataka niitaje? AFCON 2019, Kenya 3 Tanzania 2. Mliongoza mara mbili! Msuva akafunga, Samatta akafunga, Olunga akawaambia rudini kitandani.

Mleta uzi:
Nyie si mmeangalia AFCON ya Morocco kwenye runinga? Na Madagascar niliowafunga mimi ndio waliowatoa nyie CHAN kwa penalti, nyumbani kwenu Kasarani. Tulia.

Binamu wa Nairobi:
Hapo umenipata. Lakini bado sijasikia hiyo mechi moja.

Mzee wa Ndola 79:
Vijana, mnachekana bila kujua mlikotoka. Mwaka 1980 fainali zilikuwa na timu 8 tu Afrika nzima. Nane! Ili ufike Lagos ilibidi umtoe Zambia, na bao la Peter Tino kule Ndola tulilisikiliza kwa redio moja mtaa mzima, betri tumezianika juani tangu asubuhi. Leo timu 24, mnaingia mnapanga foleni ya washindwa bora. Huyo mchambuzi hajakosea sana.

Mleta uzi:
Mzee nakuheshimu lakini hata hao wa kwenu waliondoka Lagos na pointi 1.

Mzee wa Ndola 79:
Kundi lilikuwa na Nigeria aliyechukua kombe, na Misri. Ungependa tupangwe na nani, Shelisheli?

Kidevu Hakilali:
Kwangu mimi kidonda ni Zambia ya Ivory Coast, hayo mengine ni kelele. Msuva kafunga dakika ya 11. Wao kadi nyekundu kabla ya mapumziko, wamebaki 10. Kipindi kizima cha pili unajua kabisa leo ndiyo leo, mke wangu kashaanza kupiga vigelegele jikoni. Dakika ya 88, kona, Daka, kichwa. Mleta uzi, ile mechi ingeisha dakika ya 87 leo ungekuwa na jibu na jogoo asingekuwa maarufu.

Mleta uzi:
HIYO HIYO! Ndiyo niliyokuwa naifikiria wakati wa kile kimya! Nilifika mpaka dakika ya 87 kichwani nikasema nipo salama, nimtajie. Ndipo nikamkumbuka Daka. Ndipo jogoo.

Shangazi wa Tandika:
Nimecheka mpaka maharage yameungua.

Mkwaju wa Penalti:
Shukuru alikuuliza ushindi. Angekuuliza Blida 2015 je? Tumetoka sare 2-2 na Algeria hapa Dar, siku tatu baadaye kwao SABA BILA. Mimi nilizima runinga ya tano, nikawasha kuhakiki, nikakuta ya saba.

Lunyasi wa Kweli:
Tatizo la Stars linajulikana. Wachezaji wa upande wa pili, Yanga, wakivaa jezi ya taifa miguu inakuwa mizito, wanaitunzia klabu yao.

Kijani Damu:
Hapo hapo simama. Wa kwenu Simba ndio wakipewa pasi wanaangalia kwanza kama aliyetoa ni Mnyama mwenzao.

Lunyasi wa Kweli:
Taja mmoja.

Kijani Damu:
Nitajie wewe kwanza.

Fundi Redio:
Nakusubiri.

Mleta uzi:
Wakuu, uzi wa Simba na Yanga upo kule juu, una kurasa 900. Hapa tunamjadili yule bwana na dharau zake. Jumatatu nimepanga kumpigia tena. Nitamwambia mwaka 2027 tunaandaa sisi na Kenya na Uganda, aje uwanjani nimwoneshe hiyo moja.

Kidevu Hakilali:
Piga, ila jogoo kwanza mfungie.

Mpiga Ramli wa Mbagala:
Au mnunue umle. Tatizo linakwisha.

Mleta uzi:
Si wangu nimesema! Ni wa mama mwenye nyumba. Anawika saa 9 usiku, saa 11, saa 2 asubuhi, hana ratiba. Nikilalamika naambiwa nihame.

Mama Wawili:
Afadhali wewe jogoo. Wangu kaweka spika ya kwaya dirishani kwangu. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

Mkwaju wa Penalti:
Mwenye nyumba wangu anachangisha hela ya umeme wa LUKU sawa kwa vyumba vyote, mimi nina taa moja na chaja, yeye ana friji mbili anauza barafu!

Mama Wawili:
Hiyo ya LUKU hata kwetu ipo! Kuna mpangaji anapika kwa jiko la umeme usiku tukilala.

Kijani Damu:
Dawa ni kila chumba na mita yake ya ndani. Kuna fundi alitufungia, tangu hapo ugomvi umekwisha.

Mkwaju wa Penalti:
Mkuu huyo fundi bei gani? Njoo PM.

Binamu wa Nairobi:
Hata mimi nitumie.