Maji ya rejeta yamechanganyika na oili ya giaboksi, nishushe hedi ya injini?

Mbeba_Karafuu: Asalam aleikum jamani. Nnayo pikapu ya otomatiki ya mwaka 2006, nabebea karafuu Konde mpaka Chake, huku Pemba. Tokea juzi nkikanyaga mafuta injini inalia lakini gari haivuti, asubuhi imepoa nkafungua mfuniko wa rejeta nkakuta uji wa pinki, nkiupaka kidoleni unateleza na kwa maji matupu hautoki. Kijiti cha oili ya giaboksi nacho kimetoka na povu rangi ile ile. Fundi kanambia gasketi ya hedi imekufa, anataka kuishusha. Nimwachie?

Fundi wa Jang'ombe: Waaleikum salaam. Msimamishe kwanza! Chomoa kijiti cha oili ya injini, oili ikiwa safi basi hedi usiiguse. Otomatiki nyingi oili ya giaboksi inakwenda kupoozwa ndani ya tangi la rejeta, kinachoitenga na maji ni bati jembamba tu, na sie tunatia maji ya kisima mwaka mzima badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta yanayozuia kutu), kutu inakula kwa ndani. Ukizima gari maji bado yana presha, oili haina, ndo yanapenya giaboksi. Fungua paipu mbili za oili pale kwenye rejeta, ziba tundu moja, jengine tia upepo kidogo kidogo mfuniko ukiwa wazi. Yakitoka mapovu ndo hapo.

Kaka_Mwera: Yalinikuta haya. Nkabadilisha rejeta, nkamwaga oili mara moja tu nkaendelea na safari zangu, wiki ya tatu giaboksi ikafa, kufunguliwa pleti za klachi zimebanduka zote, gundi yake haipatani na maji. Nakuomba usiiendeshe hata kwenda gereji, na ikivutwa fungua propela (shafti ya kwenda magurudumu ya nyuma) kwanza. Ukimwaga chini oili nyingi inabaki kwenye konveta (inayounganisha injini na giaboksi), kwahiyo mwaga, tia mpya, washa hapo hapo, mwaga tena mpaka itoke nyekundu safi. Mie sasa nimefunga kipoozeo cha nje, oili haipiti tena kwenye rejeta.

Mbeba_Karafuu: Allah awalipe kheri. Oili ya injini safi, na leo tumetia upepo mapovu yakatoka. Rejeta naiagiza Unguja, gari iko chini ya mwembe haiwashwi. Huo uji uliobaki kwenye njia za maji za injini nautoaje?

Fundi wa Jang'ombe: Maji na sabuni ya vyombo kidogo, washa mpaka thamostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) ifunguke, zima, ipoe, mwaga, rudia mpaka yatoke safi. Lakini subiri rejeta mpya iwepo na giaboksi ishasafishwa. Na hozi ziminye kwa mkono moja moja, oili inavimbisha mpira, iliyolainika itoe.