Naomba ushauri: nifundisheje uhusiano wa vinasaba na dawa?

Ndugu zangu, mimi ni mfamasia katika hospitali ya wilaya, na nimepewa saa moja tu ya kuwafundisha wauguzi na matabibu wenzangu famakojenetiki, yaani jinsi vinasaba tunavyorithi vinavyobadili utendaji wa dawa mwilini. Nimekusudia kuanza na kodeini, dawa ya maumivu ambayo ini huigeuza kuwa mofini, ndiyo hasa inayotuliza, kwa kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kikemikali mwilini) kiitwacho CYP2D6: wapo ambao kimeng'enya hicho kwao ni dhaifu, hivyo maumivu hayapungui, na wapo, hasa Ethiopia, ambao huigeuza upesi mno hata pumzi ikaweza kuzorota. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza watoto walio chini ya miaka 12 wasipewe kodeini.

Kinachonitatiza ni wagonjwa wanaosubiri dirishani, ambao nao natakiwa kuwaelimisha. Nikitamka "vinasaba", wengi hufikiria kipimo cha kumtambua baba wa mtoto (siwalaumu, ndiko walikolisikia neno hilo). Tena nachelea mtu asije akaacha dawa zake kwa kudhani hazipatani na damu yake. Mliowahi kufundisha jambo hili, mlitumia mfano gani wa kila siku, na mlivizungumziaje vipimo ambavyo hospitali yenu haina?