Kuwepo kwa Mungu na kuwepo kwetu: mimi niko na Duns Scotus, watu wa Thoma njooni

Wakuu, naona kila aliyemsoma Thoma wa Akwino (mwanateolojia wa karne ya 13) kidogo tu anaanza kumrushia mawe Duns Scotus, mwanateolojia aliyekuja baada yake, eti ndo aliyemshusha Mungu akawa kitu kimoja kati ya vitu. Hebu tuelewane.

Thoma anasema unaweza kujua mtu ni nini, au hata yule ndege wa hadithi, finiksi, ni nini, bila kujua kama yupo kweli, kwa hiyo kwa viumbe asili ya kitu na kuwepo kwake ni mambo mawili, ila kwa Mungu ni jambo moja, yeye ni kuwepo kwenyewe. Anashikilia Kutoka 3:14, "MIMI NIKO AMBAYE NIKO". Hapo sina ugomvi (na njia ilishasafishwa na Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki 1037, msijifanye mmesahau).

Ugomvi wangu ni ile analojia, yaani neno moja kutumika kwa maana zinazohusiana ila si ile ile. Anasema tunaita dawa "ya afya" na mkojo "wa afya", moja inaleta afya nyingine inaionyesha, na majina tunayompa Mungu yanafanya kazi hivyo hivyo. Sawa, ila Scotus, aliyefariki Cologne 1308, anauliza swali gumu: mtu anaweza kuwa na uhakika kwamba Mungu yupo huku bado anajiuliza ana mwisho au hana, sasa hicho alicho na uhakika nacho ni nini kama sio dhana moja ya kuwepo isiyoegemea upande wowote? Ukiikataa, unatokaje kwa viumbe ukamfikia Mungu kwa hoja, wakati maana ya neno imeshabadilika katikati ya safari!

Na hajasema Mungu na jiwe wanachangia kitu. Dhana ni moja, uhalisia hauna cha pamoja. Kutokuwa na mwisho sio nyongeza iliyobandikwa juu, ni kama ukali wa weupe, weupe mkali zaidi bado ni weupe tu.

JIBU: Mkuu umetetea vizuri ila Mtaguso wa Laterani wa 1215 (mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki) ulishasema kila ufanano kati ya Muumba na kiumbe unazidiwa na tofauti. Dhana moja inayowabeba wote wawili inaiachia wapi hiyo tofauti?

JIBU: Inaiacha kwenye uhalisia, nimeshasema. Mtaguso haukuongelea dhana za kichwani. Wewe nionyeshe analojia isiyo na dhana ya pamoja chini yake, hata moja.

JIBU: Mnagombana bure nyie, Meister Eckhart, mwanateolojia Mjerumani wa zama hizo hizo, akiwa Paris alisema Mungu ni akili kwanza, kuwepo ni habari za viumbe. Mjibuni huyo.