Naomba ushauri: historia ya watumiaji kwenye MongoDB imenishinda

Wakuu, habari za wakati huu. Niko Tanga, nimetengeneza programu ya kuagiza samaki wa soko la Deep Sea. Kila anachofanya mteja nakihifadhi kwenye MongoDB, hifadhidata yangu: kafungua, kaangalia bei ya changu, kaagiza, kaghairi.

Kosa langu, nadhani, ni kwamba historia yote niliisokomeza ndani ya dokumenti (yaani rekodi moja) ya mteja mwenyewe, kama orodha. Mwanzoni raha tupu. Sasa kuna mpishi wa hoteli anaacha simu wazi jikoni kutwa kucha, na programu inauliza bei kila baada ya sekunde 10. Hayo ni matukio 8,640 kwa siku, ya mtu mmoja! Juzi dokumenti yake imegonga kikomo cha MB 16, MongoDB ikagoma kuandika, na oda yake ya pweza ikapotelea humo humo.

Nataka kuhamishia matukio kwenye kolekshini (kundi la dokumenti) ya peke yake. Je, kila tukio liwe dokumenti, na indeksi (faharasa ya kutafutia haraka) ya namba ya mteja na muda? Au niyafunge kwa mafungu, mteja mmoja siku moja?

Pia kuangalia bei nataka kufutike baada ya siku 90, lakini oda zibaki. Nimefikiria indeksi ya TTL, ile inayofuta dokumenti nzima yenyewe muda ukifika; tarehe ya kufutwa niiweke kwenye matukio madogo tu. Nikitumia mafungu, si itabidi oda zikae kando?

Seva yenyewe ni ya RAM GB 2, msinicheke. Aliyewahi kuhamisha data bila kuzima huduma, alianzaje?