Jaji akikosea kuhesabu siku, mfungwa ndiye abebe?

Mleta mada:
Wakuu, hii kesi ya Marekani, Bowles dhidi ya Russell ya 2007, kila nikiisoma inanichoma.

Keith Bowles alifungwa Ohio kwa mauaji, miaka 15 hadi maisha. Mwaka 2002 akapeleka habeas corpus mahakama ya shirikisho, yaani ombi la kutaka jaji aangalie kama kifungo chake ni halali. Septemba 2003 likatupwa. Siku 30 za rufaa zikapita, akaomba afunguliwe mlango upya. Tarehe 10 Februari 2004 jaji akakubali, na kwenye amri akaandika: mwisho tarehe 27.

Sasa chukua kalenda. Sheria inaruhusu siku 14, zinaishia tarehe 24. Jaji katoa 17, kwa sababu ambayo haijulikani. Bowles akawasilisha tarehe 26. Kwa amri ya jaji kawahi siku moja, kwa sheria kachelewa siku mbili. Rufaa ikafutwa! Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, ikasema muda huo umewekwa na Bunge, ukipita mahakama haina tena mamlaka ya kusikiliza, hata kosa likiwa la jaji.

Mimi naona huu ni mtego. Ukipuuza amri ya jaji unaadhibiwa. Huyu kaadhibiwa kwa kuitii. Jaji Souter, aliyepinga, aliandika kuwa haivumiliki mahakama kuwatendea watu hivi.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umetanguliza huruma. Jamaa alikuwa na wakili, na kazi ya wakili ni nini kama si kufungua kanuni na kuhesabu? Leo jaji kaongeza 3 kwa bahati mbaya, kesho mwenzake ataongeza 30 kwa makusudi. Jaji Thomas, aliyeandika hukumu, alisema kanuni ikionekana kali mno, Bunge linaweza kuilegeza. Hapo hajakosea.

Mleta mada:
La wakili nakupa nusu. Lakini wewe ungemwambia mteja wako "jaji hajui kuhesabu"?

Mchangiaji wa kwanza:
Nisingemwambia kitu. Ningewasilisha tarehe 11. Ile ni notisi tu ya kusema nakata rufaa, si kitabu.

Mchangiaji wa pili:
Mnaisahau Holland dhidi ya Florida, 2010. Albert Holland, mfungwa wa hukumu ya kifo, alimwandikia wakili wake barua juu ya barua asiache muda upite. Kimya. Siku moja yuko maktaba ya gereza, akagundua kesi yake ya jimbo ilishaisha na mwaka wake mmoja wa kwenda mahakama ya shirikisho ulikwisha wiki 5 nyuma. Akaandika ombi mwenyewe, kesho yake akalituma. Majaji 7 kwa 2 wakasema muda ule unaweza kuongezwa kwa sababu nzito. Nao umewekwa na Bunge, kwa sheria ya 1996. Sasa madudu ya wakili yanaweza kukuokoa, ila kosa la jaji linakuzamisha?

Mchangiaji wa kwanza:
Ule wa 1996 mahakama ilisema haugusi mamlaka yake. Wa rufaa unagusa.

Mchangiaji wa pili:
Na aliyeamua upi unagusa na upi haugusi ni nani, kama si mahakama hiyo hiyo?